Imani Inayotii: Maisha ya Nahodha Joseph Bates

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Warumi 1:5, Luka 18:9–14, Waefeso 2:8–10, Yakobo 2:14–26, Waebrania 11:8, 1 Wafalme 17:8–16, Mithali 4:18, Matendo 18:24–26, Wafilipi 2:12, 13.

Fungu la Kukariri: Warumi 1:5. Likariri kutoka katika Biblia yako, na uangalie jinsi Paulo anavyounganisha imani na utii katika sentensi moja.

Katika madarasa yetu ya Shule ya Sabato kuna hoja mbili ambazo hazikosi kujitokeza. Ndugu mmoja husema kwamba tunaokolewa kwa imani tu, hivyo tusiwasumbue watu kwa habari za amri. Mwingine humjibu kwamba imani bila utii ni maneno matupu, hivyo tuwakaze watu washike amri. Kila mmoja ana mafungu yake, na mara nyingi kengele hulia kabla hawajaelewana.

Juma hili hatutaanza na hoja. Tutaanza na maisha ya mtu mmoja. Joseph Bates alikuwa baharia, mfungwa wa vita, nahodha, mkulima, na mwishowe mmoja wa watu watatu wanaohesabiwa kuwa waanzilishi wa Kanisa la Waadventista wa Sabato, pamoja na James White na Ellen White. Wengi wetu tunamfahamu kama mtu wa utii: aliacha pombe, akaacha tumbaku, akaishika Sabato. Lakini tukiifuata safari yake kwa utaratibu tutaona jambo ambalo sifa hizo huweza kulificha. Kuna wakati Bates alikuwa mtu mwenye nidhamu kali sana na hakuwa na Mwokozi. Na kuna wakati alikuwa na imani ya kweli na bado alikosea, akahitaji kurekebishwa.

Tofauti kati ya nyakati hizo itatusaidia kujiuliza swali la juma hili: Je, utii wangu unatoka wapi?

*Jifunze somo la juma hili kwa ajili ya kujiandaa kwa Sabato ijayo.*

---

JUMAPILI

Kijana wa Baharini

Joseph Bates alizaliwa tarehe 8 Julai 1792 huko Rochester, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani. Mwaka uliofuata wazazi wake walihamia upande wa New Bedford, mahali palipokuja kuitwa Fairhaven. Palikuwa pwani ya wavuvi wa nyangumi na wafanyabiashara wa baharini. Vijana wa hapo walikua wakitazama matanga yakiondoka na kurudi, na Joseph hakutamani kazi nyingine. Baba yake alikuwa mtu wa dini na wa elimu, naye hakupenda mwanawe aende baharini, lakini mwaka 1807 alimruhusu. Joseph aliondoka akiwa na miaka kumi na minne, karibu kufikisha kumi na mitano, akiwa mtumishi wa chumbani katika meli iliyokwenda Ulaya.

Katika safari ya kurudi alipanda juu ya mlingoti, mkono ukamponyoka, akaanguka baharini. Papa mkubwa alikuwa akiifuata meli hiyo kwa muda. Mabaharia walimtupia kamba, akaishika, wakamvuta juu akiwa mzima. Ndipo walipotazama na kuona kwamba papa alikuwa amehamia upande wa pili wa meli muda mfupi tu kabla kijana hajaanguka. Baadaye, katika safari nyingine, chombo chake kiligonga mlima wa barafu usiku, na wote waliokuwemo walidhani wamekwisha. Napo alipona.

Mwaka 1810 alikuwa Liverpool, Uingereza. Siku hizo jeshi la majini la Uingereza lilikuwa likiwakamata mabaharia mitaani na kuwalazimisha kutumika. Bates alikamatwa, ingawa alikuwa na hati za kuonyesha kwamba ni Mmarekani. Akatumika kwa nguvu katika manowari za taifa lisilo lake. Vita vilipozuka kati ya Marekani na Uingereza mwaka 1812, yeye na wenzake wachache waliomba wahesabiwe kuwa wafungwa wa vita kuliko kupigana na nchi yao. Mwishowe akawekwa katika gereza la Dartmoor. Mwezi Aprili 1815, vita vikiwa vimekwisha tayari, askari waliwafyatulia risasi wafungwa wa gereza hilo na baadhi yao wakafa. Bates alikuwa humo. Alifika nyumbani Juni 1815, baada ya zaidi ya miaka mitano ya utumwa na kifungo.

Mtu angefikiri kwamba kijana aliyeokolewa na papa, barafu na risasi angempa Mungu moyo wake mara moja. Haikuwa hivyo. Aliyaona yote hayo, akayakumbuka, akaendelea na safari zake. Miujiza peke yake haizai imani. Waisraeli waliona bahari ikigawanyika, na baada ya siku chache walinung'unika kwa ajili ya maji.

*Soma Warumi 2:4. Wema wa Mungu unakusudia kutuleta wapi? Ni ulinzi gani wa Mungu katika maisha yako ambao hukuutambua mpaka miaka ilipopita?*

---

JUMATATU

Nidhamu Isiyo na Amani

Mwaka 1818 Bates alimwoa Prudence Nye, binti wa Fairhaven ambaye walifahamiana tangu utoto. Mwaka 1820 akawa nahodha. Alikuwa mtu makini, mwenye akili ya biashara, na polepole alianza kupata mali.

Katika miaka hiyo alianza kujichunguza. Aligundua kwamba alikuwa akikingojea kwa hamu kikombe chake cha pombe kali cha kila siku kuliko alivyongojea chakula. Jambo hilo lilimtisha. Alikuwa ameona baharini na gerezani jinsi pombe inavyowaharibu watu wenye nguvu. Mwaka 1821 aliamua kuacha pombe kali kabisa. Baadaye akaacha mvinyo. Kisha akaacha tumbaku ya kuvuta na ya kutafuna. Akaacha pia lugha ya matusi, ambayo kwa mabaharia ilikuwa kama pumzi. Hakuna kanisa lililomdai mambo hayo, na hakukuwa na daktari aliyemwagiza. Alishinda kwa uamuzi thabiti, na ushindi huo ulikuwa wa kweli: afya yake iliimarika, akili yake ikatulia, na mali yake haikupotea katika baa za bandarini.

Je, mtu wa namna hii alihitaji nini tena? Yeye mwenyewe alikuja kuliona jibu. Katika safari moja, mkewe Prudence aliweka Agano Jipya dogo ndani ya sanduku la mumewe, pamoja na vitabu vya hadithi alivyokuwa amejiandalia. Bates alipofungua sanduku alikutana na maneno ya shairi juu ya kifo yaliyomgusa. Akaanza kusoma Agano Jipya, na hamu ya hadithi ikapungua. Kisha baharia mmoja wa meli yake akaugua na kufa wakiwa katikati ya bahari. Kwa kuwa hapakuwa na mchungaji, nahodha ndiye aliyepaswa kuomba na kuuzika mwili majini. Bates alisimama mbele ya watu wake akitambua kwamba hakuwa tayari kukutana na Mungu. Aliyeacha pombe, tumbaku na matusi hakujua la kumwambia Muumba wake.

Hapa ndipo wengi wetu tunahitaji kusimama kidogo. Kuacha mabaya ni jambo jema, wala Biblia haidharau jambo hilo. Lakini mtu anaweza kuisafisha nyumba yake yote na Mwenyeji wa kweli akawa bado yuko nje mlangoni. Farisayo wa Luka 18 alikuwa na orodha ndefu ya mambo mema, na hakuwa amedanganya. Kosa lake ni kwamba aliiegemea orodha.

Bates alifanya agano na Mungu akiwa baharini, akamkabidhi Kristo maisha yake. Amani aliyoitamani haikuja siku ile ile. Aliendelea kutafuta kwa muda mrefu, akisoma, akiomba, akishuka moyo na kuinuka tena. Wazazi wake na mkewe walimsaidia alipokuwa nyumbani. Mwishowe alielewa kwamba hakuombwa ajitengeneze kwanza ndipo akubaliwe. Mwaka 1827 alibatizwa huko Fairhaven katika kanisa la Christian Connexion, ambamo mkewe alikuwa mshiriki.

*Soma Luka 18:9–14 na Waefeso 2:8–10. Matendo mema yanatajwa mahali gani katika mpangilio wa Paulo? Kuna tofauti gani kati ya tabia njema na moyo uliopokea neema? Unaweza kuwa na ya kwanza bila ya pili?*

---

JUMANNE

Imani Inapata Mikono

Siku ile ile ya ubatizo, walipokuwa wakibadilisha nguo zenye maji, Bates alimwomba mchungaji aliyembatiza amsaidie kuanzisha chama cha kuwahimiza watu kuacha pombe. Mchungaji huyo alikataa. Bates hakukata tamaa. Alitafuta wengine, na chama cha Fairhaven kikaanzishwa. Tazama tofauti. Zamani aliacha pombe kwa ajili ya nafsi yake, na sasa aliwahurumia wengine.

Katika safari yake ya mwisho kama nahodha, iliyoanza mwaka huo huo wa 1827, aliwaita mabaharia wote na kuwaeleza masharti mapya. Hapatakuwa na pombe melini. Hapatakuwa na matusi, na kila mtu ataitwa kwa jina lake kamili, si kwa jina la dharau. Jumapili, siku aliyoiamini wakati huo kuwa siku ya Bwana, itakuwa siku ya kusoma na kupumzika. Safari ikaenda na kurudi salama.

Mwaka 1828 alistaafu kazi ya bahari akiwa na umri wa miaka 35, akiwa na mali ya zaidi kidogo ya dola 11,000. Kwa wakati ule ilitosha kumtunza mtu na jamaa yake maisha yote. Alinunua shamba, akajenga nyumba, akapanda miforosadi ili afuge nondo wa hariri. Alijiunga pia na kazi ya kupinga utumwa, ingawa katika mji wa wafanyabiashara jambo hilo lilimletea maadui kuliko marafiki.

Mwaka 1839 alisikia mahubiri juu ya kurudi kwa Kristo kama William Miller alivyoyafundisha kutoka Danieli na Ufunuo. Aliyachunguza, akaamini. Mwezi Mei 1842 alikuwa mwenyekiti wa mkutano mkuu wa waumini hao huko Boston. Kisha akauza nyumba yake, akalipa madeni yake, na fedha zake akazitumia kutangaza habari njema. Mwanzoni mwa 1844 yeye na Heman Gurney, mhunzi aliyejua kuimba vizuri, walikwenda Maryland, jimbo lenye watumwa. Wengi walimwonya: mtu anayejulikana kuwa adui wa utumwa anakwenda kujitafutia kifo. Alikwenda. Aliwahubiria mabwana waliokuwa wameketi, na watumwa waliosimama nyuma yao. Mtu mmoja alipotishia kwamba watu watambeba juu ya gogo na kumtupa nje ya mji, Bates alimjibu kwa utulivu kwamba wakiweka tandiko juu ya gogo hilo atafurahi kupanda, maana alikuwa amechoka kutembea kwa miguu. Watu wakacheka, na tishio likaisha.

Yakobo hasemi kwamba matendo huongezwa juu ya imani ili hesabu itimie. Anasema kwamba imani iliyo hai hutembea. Imani ya Bates ilitembea mpaka Maryland.

*Soma Yakobo 2:14–26. Imani yako imekufikisha wapi mwaka huu, mahali ambapo usingekwenda kwa hiari yako mwenyewe?*

---

JUMATANO

Baada ya Kuvunjika Moyo

Tarehe 22 Oktoba 1844 ikafika, ikapita. Kristo hakurudi. Bates alikuwa ametoa karibu mali yake yote. Alirudi kuishi kati ya majirani waliokuwa wamesikia mahubiri yake, na dhihaka zao zilimfuata barabarani.

Tusipite haraka hapa. Wako wanaofundisha kwamba ukimtii Mungu kila kitu kitakunyookea. Bates alitii kwa kadiri ya nuru aliyokuwa nayo, akapoteza mali, akapoteza heshima, na lile alilolitarajia halikutokea. Angeweza kusema kwamba ametii vya kutosha. Angeweza kurudi baharini na kutafuta dola nyingine 11,000. Badala yake alirudi kwenye Biblia.

Mapema mwaka 1845 alisoma makala ya T. M. Preble iliyoeleza kwamba siku ya saba ndiyo Sabato ya Bwana. Alilinganisha na Maandiko, akaona ni kweli. Alipata habari kwamba huko Washington, katika jimbo la New Hampshire, kulikuwa na Waadventista wachache waliokuwa tayari wakiishika Sabato. Nuru hiyo ililetwa kwao na Rachel Oakes, mama wa kanisa la Wabaptisti wa Siku ya Saba. Bates alisafiri kwenda huko. Alimfikia Frederick Wheeler usiku, wakakaa na kujifunza Maandiko mpaka asubuhi, kisha wakaenda kwa Cyrus Farnsworth kuendelea na mazungumzo. Akarudi nyumbani akiwa ameamua.

Alipokuwa akivuka daraja lililounganisha New Bedford na Fairhaven, alikutana na jirani yake James Madison Monroe Hall. Hall alimsalimu na kumuuliza kuna habari gani, kama watu wanavyoulizana njiani. Bates alimjibu kwamba habari ni hii: siku ya saba ndiyo Sabato ya Bwana Mungu wetu. Hall alikwenda nyumbani, akafungua Biblia yake, akajifunza, naye akaanza kuishika Sabato. Mwanawe akampa jina la Joseph Bates.

Ibrahimu aliitwa, akatoka bila kujua aendako. Mwandishi wa Waebrania anakuita kutoka huko utii, na anakuweka chini ya kichwa cha imani. Bates naye hakujua kwamba kungekuwa na kanisa lenye mamilioni ya waumini. Alijua tu kwamba Bwana amesema. Hilo lilimtosha kuanza.

*Soma Waebrania 11:8. Kwa nini utii wa Ibrahimu unahesabiwa kuwa tendo la imani? Utamwambia nini ndugu aliyemtii Mungu, kwa mfano kwa kukataa kazi au mtihani wa siku ya Sabato, na bado mlango haujafunguka?*

---

ALHAMISI

Unga wa Prudence

Mwaka 1846 Bates aliamua kuandika kijitabu juu ya Sabato. Siku moja akiwa ameketi anaandika, Prudence alikuja kumwambia kwamba unga wa mkate hautoshi. Bates alikuwa amebakiwa na senti kumi na mbili na nusu tu. Aliinuka, akaenda dukani, akanunua unga wa kiasi cha kilo 2 hivi, akauleta nyumbani. Prudence alishangaa: nahodha aliyezoea kununua shehena nzima ameleta unga wa bakuli? Ndipo mumewe alipomwambia kwamba hiyo ndiyo fedha yao ya mwisho. Prudence alilia. Alimuuliza wataishi vipi. Bates alimwambia kwamba ataandika kitabu hicho, na Bwana atawapatia mahitaji yao.

Baadaye siku hiyo alisukumwa moyoni aende posta. Palikuwa na barua yake. Siku hizo mpokeaji ndiye aliyeweza kudaiwa ada, na barua hiyo ilidaiwa senti tano. Bates hakuwa nazo. Mkuu wa posta alitaka kumpa barua alipe siku nyingine, lakini Bates alimwomba aifungue kwanza, na kama ndani mna fedha achukue ada yake. Ndani mlikuwa na dola kumi, zilizotumwa na mtu aliyeeleza kwamba alisikia msukumo wa kumtumia Bates fedha. Bates akanunua pipa zima la unga na vyakula vingine, akamwambia mchukuzi avipeleke nyumbani kwake, na kama mama wa nyumba akikataa kwamba si vyao, aviache hapo hapo.

Kijitabu kilichapwa Agosti 1846, kikiwa na kurasa 48. Deni la uchapishaji lililobaki lililipwa kimya kimya na Heman Gurney, yule mhunzi wa Maryland. James White na Ellen White, waliooana mwezi huo huo, walijifunza kutokana nacho wakaanza kuishika Sabato. Bates mwenyewe, ambaye kwanza alikuwa na mashaka juu ya njozi za Ellen, alikuja kusadiki mwezi Novemba huko Topsham, Maine.

Tunapenda kusimulia kisa hiki kwa sababu ya barua. Lakini kabla ya barua kulikuwa na machozi. Prudence hakuishika Sabato mpaka mwaka 1850. Kwa miaka mitano alikaa na mume ambaye imani yake ilikuwa imekula nyumba na akiba, naye alikuwa bado hajasadiki. Aliyekuwa ameweka Agano Jipya katika sanduku sasa alikuwa akilihesabu kila jikombe la unga. Hatuna budi kumheshimu. Na yafaa kusema wazi: kisa hiki si ruhusa kwa baba kuacha kuwatunza watoto wake akidai kwamba ana imani. Biblia inalikemea jambo hilo vikali katika 1 Timotheo 5:8. Elia alimwomba mjane wa Sarepta unga wake wa mwisho kwa neno la Bwana, si kwa kujitakia. Imani hutii neno lililosemwa. Haimjaribu Mungu kwa jambo ambalo hakuliagiza.

*Soma 1 Wafalme 17:8–16 na 1 Timotheo 5:8. Tunawezaje kutofautisha kujitoa kwa imani na uzembe unaojificha ndani ya maneno ya imani? Watu wa nyumba yako wanabeba sehemu gani ya gharama ya utii wako?*

---

IJUMAA

Kwa Kujifunza Zaidi

Bates hakuwa mtu asiyekosea. Mwaka 1850 aliandika kwamba matone saba ya damu yaliyonyunyizwa mbele ya kiti cha rehema yalimaanisha miaka saba, hivyo Kristo angerudi mwaka 1851. Alikosea, na Ellen White aliwaonya waumini wasifuate jambo hilo. Tena, kwa miaka mingi Bates alifundisha kwamba Sabato huanza saa kumi na mbili kamili jioni, kila mahali na kila majira. Wengi walimfuata. Mwaka 1855 kijana J. N. Andrews alichunguza Maandiko na kuonyesha kwamba Sabato huanza jua linapozama. Bates, mzee wa kazi na mtu wa kwanza kuandika juu ya Sabato kati yao, hakukubali mara moja. Lakini nuru ilipothibitika, aliuacha msimamo wake. Yeye aliyewafundisha wengine kutii alikubali kufundishwa na mtu mdogo kwake kwa zaidi ya miaka thelathini. Huenda huo ulikuwa utii mgumu kuliko kuacha tumbaku.

Katika mambo ya chakula alijizuia pia. Tangu 1843 hakula nyama, na chai na kahawa alikuwa ameziacha mapema zaidi. Lakini kwa miaka mingi hakuyafanya mazoea yake kuwa kipimo cha wengine. Watu walipomuuliza kwa nini hali nyama, alijibu kwa mzaha kwamba amekwisha kula fungu lake. Alianza kusema waziwazi baada ya nuru ya afya kuja mwaka 1863.

Alipeleka ujumbe Michigan, akafika Jackson mwaka 1849 na Battle Creek mwaka 1852. Mwaka 1860 aliongoza kikao kilichochagua jina la Waadventista wa Sabato. Prudence alifariki mwaka 1870. Joseph alimfuata tarehe 19 Machi 1872 huko Battle Creek, akiwa na miaka 79, nao wamezikwa Monterey, Michigan. Miaka 16 baadaye, katika mkutano wa Minneapolis wa mwaka 1888, kanisa lilikumbushwa kwa nguvu kwamba haki hupatikana kwa imani katika Kristo. Ukumbusho huo ulihitajika, maana watoto wa watu watiifu huweza kurithi utii na kusahau imani iliyouzaa.

Tukiitazama safari yote, tunaona kwamba Bates hakutii ili apendwe na Mungu. Alijaribu maisha mema bila Kristo, yakamwacha mtupu mbele ya maiti ya baharia. Alipompokea Kristo, utii wake ulipata chanzo kipya. Wafilipi 2:12, 13 inaweka mambo hayo pamoja: sisi tunatenda, kwa sababu Mungu ndiye anayetenda kazi ndani yetu.

Maswali ya Kujadili:

1. Linganisha Bates wa 1823 na Bates wa 1828. Kwa nje walifanana kwa mambo mengi. Walitofautiana wapi? Je, darasa lenu linaweza kutambua tofauti hiyo kwa mshiriki mpya? Kwa mshiriki wa siku nyingi?

2. Soma Matendo 18:24–26 na Mithali 4:18. Apolo na Bates walikubali kurekebishwa. Kwa nini ni vigumu kurekebishwa katika jambo ambalo sisi wenyewe tumelifundisha? Toa mfano bila kumtaja mtu.

3. Bates aliyashika baadhi ya mambo kwa ukali kwake mwenyewe bila kuwabebesha wengine. Mengine, kama Sabato, aliyatangaza kwa kila aliyekutana naye. Tutajuaje jambo gani ni la kutangaza na jambo gani ni la kunyamazia?

4. Katika darasa lenu huenda yupo mtu aliye kama Prudence, anayeishi na mwamini huku yeye mwenyewe bado hajasadiki. Kanisa limemfanyia nini? Lingeweza kumfanyia nini juma lijalo?